Profesa wa mipango ya kustaafu hufanya kazi gani hasa, na mambo anayoyapenda nje ya kazi yana uzito wowote?

Mwanafunzi wa Uzamili ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu wote, na wakubwa zangu shikamooni.

Nakaribia kumaliza shahada ya uzamili katika uchumi, na msimamizi wangu amenishauri nifikirie kuendelea na uzamivu katika mipango ya kustaafu, yaani elimu inayochunguza jinsi mtu anavyoweka akiba katika miaka yake ya kazi, jinsi akiba hiyo inavyogeuzwa kuwa kipato kazi inapokoma, na jinsi kipato hicho kinavyoweza kumtosha kwa muda ambao urefu wake haujulikani, kwa kuwa hakuna anayeijua siku yake ya kufa. Ushauri huo umenivutia. Hata hivyo, kila ninapojaribu kuwaeleza ndugu zangu kazi ya profesa wa fani hii, nashindwa kuitofautisha na ya mshauri wa fedha, ya mtakwimu bima au ya ofisa wa mfuko wa pensheni.

Nina maswali matatu, na nitashukuru nikipata majibu yaliyofafanuliwa kwa kina. La kwanza ni jinsi watu wanavyoifikia nafasi hiyo, na kama kuna njia moja inayotambulika. La pili ni kitu gani hasa kinachotafitiwa, kwa sababu kwa mtazamo wa mbali hesabu yake inaonekana nyepesi: weka akiba, iwekeze, kisha itumie kidogo kidogo.

Swali la tatu huenda likaonekana dogo, lakini ndilo linalonikaa moyoni zaidi. Nimesoma wasifu wa maprofesa kadhaa wa fani hii, na nimeona kwamba nyingi huishia na sentensi kuhusu mambo anayoyapenda mhusika: mmoja hupanda milima, mwingine hupiga fidla, mwingine hukusanya nyaraka za kale. Je, sentensi hiyo ni pambo tu, au mambo hayo yana uhusiano wowote na namna mtu anavyofanya utafiti wa kustaafu? Nauliza kwa dhati, kwa maana nimeimba kwaya tangu utotoni, na mwalimu mmoja amekwisha kuniambia kwamba uzamivu utanilazimu niiache.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nimeifundisha fani hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa mimi mwenyewe nimestaafu, kwa hiyo unayoyauliza nimeyasomesha na pia ninayaishi.

Kuhusu njia ya kuifikia nafasi hiyo, jibu ni kwamba njia ni nyingi, na historia ya fani inalithibitisha jambo hilo. Franco Modigliani, ambaye nadharia yake ndiyo msingi wa karibu kila tunachokifundisha, alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Roma kabla ya kuhamia Marekani na kuingia katika uchumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akishirikiana na mwanafunzi wake Richard Brumberg, alieleza kwamba mtu hapangi matumizi yake kwa kukitazama kipato cha mwaka huu peke yake, bali hujaribu kuyasawazisha katika maisha yake yote, akiweka akiba katika miaka ya kazi na kuila taratibu uzeeni. Nadharia hiyo ya mzunguko wa maisha ilikuwa miongoni mwa sababu za yeye kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1985. Robert Merton, ambaye alitunukiwa tuzo hiyohiyo mwaka 1997, alianzia katika hisabati ya uhandisi.

Ukirudi nyuma zaidi utamkuta Edmond Halley, mwanafalaki ambaye ile nyota yenye mkia maarufu inaitwa kwa jina lake, akichapisha mwaka 1693 jedwali la vifo lililotokana na kumbukumbu za mji wa Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Wakati ule serikali ya Uingereza ilikuwa ikiwauzia watu haki ya kulipwa kila mwaka hadi kufa, na bei ilikuwa ileile kwa kijana na kwa mzee. Halley alionyesha kwa hesabu kwamba bei ya haki ilipaswa kutegemea umri wa mnunuzi. Nusu karne baadaye, wachungaji wa Kanisa la Uskoti walipotaka kuanzisha mfuko wa kuwatunza wajane na mayatima wao, Colin Maclaurin, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliwasaidia kuzipitia na kuzirekebisha hesabu zao. Namtaja Maclaurin kwa makusudi, kwa sababu kwangu yeye ni mfano wa mapema kabisa wa profesa wa mipango ya kustaafu, ingawa cheo hicho hakikuwapo: mtu mwenye elimu ya juu aliyekubali kuitumia kwa swali la nani atamlisha mjane.

Siku hizi wengi hupitia uzamivu katika uchumi, fedha, takwimu bima au mipango ya fedha za kaya, kisha hupanda ngazi za kawaida za chuo, kuanzia mhadhiri hadi profesa, kwa kufundisha, kusimamia tasnifu na kuchapisha makala katika majarida yanayopitiwa na wataalamu wenzao. Wapo pia wanaotoka kazini, kwa mfano katika makampuni ya bima au mifuko ya pensheni, na hao huja na jambo ambalo sisi wa darasani huchelewa kulipata, yaani kumbukumbu ya nyuso za watu waliolipwa kidogo kuliko walivyotarajia.

Tofauti uliyoiulizia mimi huieleza hivi. Mshauri wa fedha hulijibu swali la mtu mmoja aliyeketi mbele yake. Mtakwimu bima hulinda uwezo wa mfuko kuwalipa wote uliowaahidi. Profesa huichunguza kanuni ambayo wote wawili wanaitumia, akauliza kama ni ya kweli, ni ya kweli kwa nani, na itaacha kuwa ya kweli lini. Kwa sababu hiyo uhuru wake una thamani kubwa, na hapa nakuonya mapema: tafiti nyingi za fani hii hugharimiwa na makampuni yanayouza bidhaa zinazotafitiwa, kwa hiyo utapaswa kutangaza waziwazi nani aliyekulipia, na pengine kukataa baadhi ya fedha hata kama zinakuja wakati unazihitaji sana.

Sasa niingie kwenye utafiti wenyewe. Umesema hesabu inaonekana nyepesi. Ni nyepesi mtu anapoweka akiba, lakini hubadilika kabisa anapoanza kuitumia. Chukua wastaafu wawili wenye akiba ya 100,000 kila mmoja, ambao hutoa 10,000 mwanzoni mwa kila mwaka kwa miaka mitatu. Wa kwanza anapata hasara ya asilimia 20 mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hapati wala hapotezi, na mwaka wa tatu anapata faida ya asilimia 25. Wa pili anapata matokeo yaleyale kwa mpangilio wa kinyume. Wasingetoa chochote, wote wawili wangemaliza na 100,000. Kwa kuwa wanatoa, wa kwanza anabaki na 65,000 na wa pili anabaki na 74,000. Soko ni lilelile, wastani ni uleule, nidhamu ni ileile, na bado mmoja ni maskini kuliko mwenzake kwa sababu tu alistaafu katika mwaka mbaya. Anayelazimika kuuza uwekezaji wake bei ikiwa imeanguka ni kama mkulima anayekula mbegu: msimu mzuri ukija, hana cha kupanda.

Ni hatari hiyo ndiyo iliyomfanya William Bengen, mshauri wa fedha wa California aliyesomea uhandisi wa vyombo vya anga, achapishe mwaka 1994 hesabu zake juu ya historia ya masoko ya Marekani. Alionyesha kwamba mtu ambaye katika mwaka wa kwanza angetoa asilimia 4 ya akiba yake, kisha akakiongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, asingeishiwa katika kipindi cha miaka 30, hata angestaafu katika nyakati mbaya za historia hiyo. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, Texas, walilipima swali hilohilo kwa mgawanyo tofauti wa hisa na hati fungani, na kanuni ya asilimia 4 ikasambaa duniani kama vile ni sheria ya maumbile. Kisha mwaka 2010 Wade Pfau, mchumi Mmarekani aliyekuwa akifundisha Tokyo, akaipima kwa takwimu za nchi 17 zilizoendelea, na akaonyesha kwamba katika nchi nyingi kati ya hizo kanuni hiyo isingefaulu. Marekani ilikuwa imebahatika katika karne ya ishirini. Hiyo ndiyo kazi ya profesa ambayo nimekuwa nikikueleza, na ukiitazama kwa makini utaona kwamba haikuhitaji hisabati ngumu zaidi, ilihitaji mtu wa kuuliza swali lile kwa ajili ya nchi nyingine.

Kuna pia swali la urefu wa maisha, ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz alionyesha kwamba uwezekano wa mtu mzima kufa huongezeka kwa kasi ya kujizidisha kadiri umri unavyosonga, na kanuni yake bado inatumika. Lakini watu huishi wawili wawili. Tuseme mume ana uwezekano wa asilimia 40 wa kufika miaka 90, na mke naye vilevile. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao atafika ni asilimia 64, endapo vifo vyao havitegemeani. Wanandoa wengi hupanga kwa kuutazama umri ambao kila mmoja anautarajia peke yake, na atakayebaki ndiye anayelipa gharama ya kosa hilo. Mwaka 1965 Menahem Yaari alithibitisha kinadharia kwamba mtu asiye na nia ya kuacha urithi, akiuziwa kwa bei ya haki malipo ya maisha yote, yaani haki ya kulipwa kila mwaka hadi kufa, angefaa kuweka humo mali yake yote. Wanaofanya hivyo kwa hiari ni wachache sana, na Modigliani mwenyewe aliligusia fumbo hilo katika mhadhara wake wa Nobel. Bado wasomi wanalishughulikia. Ukitafuta mada ya uzamivu, hapo pana kisima kisichokauka.

Swali la tatu nawaachia wengine walijibu kwanza, ila nikupe mfano mmoja. Moshe Milevsky wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, amefuatilia kwa kina historia ya tontini, hasa ile ya mwaka 1693 ambayo serikali ya Uingereza iliitumia kukusanya fedha za vita dhidi ya Ufaransa. Katika tontini washiriki huchangia kwa pamoja, na kadiri wenzao wanavyofariki ndivyo mgao wa walio hai unavyokua. Ufuatiliaji huo wa mambo ya kale haukubaki kwenye rafu: wazo la washiriki kubeba pamoja hatari ya kuishi muda mrefu limerudi katika mijadala ya leo kuhusu namna ya kubuni malipo ya wastaafu.

Mshauri wa Akiba amejibu:

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa darasa. Mimi ni mshauri wa fedha, na kila siku nakutana na watu ambao maprofesa huwaandika kwa alama za hisabati, kwa hiyo naomba niongeze yanayoonekana kutoka upande huu.

Mipango mingi inayoharibika huharibika kwa sababu ya tabia, si kwa sababu ya kukosea asilimia ya kutoa. Mwaka 2001 Brigitte Madrian na Dennis Shea walichapisha utafiti kuhusu kampuni iliyoacha kuwasubiri wafanyakazi wapya wajiandikishe katika mpango wa akiba, ikaanza kuwaandikisha moja kwa moja na kuwaachia hiari ya kujitoa. Idadi ya walioshiriki ilipanda sana. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba wengi walibaki palepale walipowekwa, wakichangia asilimia 3 ya mshahara katika mfuko wa tahadhari kubwa, kana kwamba mwajiri amewapa ushauri, ilhali alikuwa amechagua tu pa kuanzia. Richard Thaler na Shlomo Benartzi wakatokea na wazo jingine, walilolichapisha mwaka 2004: mtu asiombwe kukatwa zaidi leo, bali aahidi sasa kwamba sehemu ya kila nyongeza ya mshahara ijayo itaingia kwenye akiba. Katika kampuni ya kwanza kulijaribu, waliokubali walipanda kutoka wastani wa asilimia 3.5 hadi asilimia 13.6 ya mshahara ndani ya miezi 40. Hakuna aliyeona mshahara wake ukipungua.

Kwa hiyo nakuambia, ndugu yangu, usiingie katika fani hii ukidhani ni tawi la hesabu pekee. Utahitaji saikolojia, utahitaji kuelewa sheria za pensheni na kodi, na utahitaji subira ya kumsikiliza mtu ambaye hajawahi kuelezwa jinsi riba inavyozaa riba.

Hapa ndipo ninapoliona swali lako la tatu kuwa zito. Wateja wangu hugawanyika katika makundi mawili, na kundi linalonisumbua moyo si lile linalotumia kupita kiasi. Ni la watu walioweka akiba kwa uaminifu kwa miongo kadhaa, wakafika mwisho wa kazi wakiwa na kiasi cha kutosha, na sasa hawawezi kukigusa. Wanaishi kwa kujinyima huku fedha zikiongezeka. Ukiwaonyesha jedwali, wanaliafiki, kisha wanarudi nyumbani na kuendelea kama zamani. Nimegundua kwamba kinachowafungua ni swali kuhusu siku zao zitakuwaje: wataamka wafanye nini, na nani, na kwa nini. Mtu aliyekuwa na jambo analolipenda kabla ya kustaafu hulijibu swali hilo kwa urahisi, na mpango wake wa fedha huandikika. Asiye nalo hunijibu kwa kuniuliza kama soko litaanguka.

Merton amekuwa akisisitiza kwamba mafanikio ya mpango wa kustaafu yapimwe kwa kipato ambacho mtu atakipata maishani, wala si kwa ukubwa wa akiba aliyoikusanya, nami naafiki kwa moyo wote. Ningeongeza hatua moja mbele: kipato nacho kina kazi ya kufanya, na profesa ambaye hajawahi kupenda chochote nje ya ofisi yake atapata shida kuitambua kazi hiyo. Endelea na kwaya yako.

Mwanafunzi wa Uzamili ameandika tena:

Nawashukuru sana wote wawili. Mwalimu, mfano wa wastaafu wawili nimeurudia kwa namba zangu mwenyewe, na nimeona kwamba tofauti hukua zaidi kadiri kiasi kinachotolewa kinavyokuwa kikubwa kulingana na akiba.

Lakini maelezo ya mshauri yameniletea wasiwasi mpya. Ikiwa mambo anayoyapenda profesa humsaidia kuona, je, hayawezi pia kumpofusha? Profesa anayepanda milima akiwa na miaka 70 huenda akamchora mstaafu mwenye miguu imara na akili timamu hadi mwisho, na akausahau ugonjwa.

Mtakwimu Bima amejibu:

Mdogo wangu, wasiwasi wako ni wa haki, na ndio ulionisukuma kuandika, kwa sababu sikubaliani kabisa na kaka yangu mshauri katika hili.

Kupenda jambo fulani ni kwema kwa afya ya mtafiti, lakini hakumpi sifa ya kuzungumza kwa niaba ya wastaafu wengine. Hatari ninayoiona ni pana kuliko milima na miguu. Profesa ni mfanyakazi wa namna ya pekee: kazi yake hufanyika kwa kichwa, anaipenda, anaweza kuiendeleza akiwa na miaka 75 kwa kupunguza vipindi na kubaki na utafiti, na heshima yake huongezeka kwa umri. Halafu mtu huyo ndiye anayeandika kwamba dawa rahisi ya akiba ndogo ni kufanya kazi miaka michache zaidi. Kihesabu amesema kweli, tena kweli kubwa, kwa kuwa kila mwaka wa ziada huongeza michango, huipa akiba muda wa kukua na hupunguza miaka ya kuilia. Mwaka 1992 Zvi Bodie, Merton na Paul Samuelson walionyesha jambo linalofanana na hilo, kwamba mtu mwenye uwezo wa kurekebisha kiasi cha kazi anayofanya anaweza kubeba hatari kubwa zaidi katika uwekezaji, kwa sababu soko likimwangusha ataongeza kazi. Lakini nani mwenye uwezo huo? Mhadhiri anao. Mwashi ambaye mgongo wake umechoka akiwa na miaka 55 hana, wala muuguzi wa zamu za usiku, wala mtu aliyeacha kazi mapema ili amwuguze mzazi wake.

Mimi hupitia madai ya watu waliokusudia kufanya kazi hadi umri kamili na hawakufika. Kazi hukoma kwa ugonjwa, kwa kupunguzwa, kwa kiwanda kufungwa. Mtu hapangi. Nikisoma makala inayoichukulia tarehe ya kustaafu kama chaguo la mhusika, huwa naitafuta aya inayoeleza matokeo yangekuwaje kama tarehe hiyo ingekuja miaka mitano mapema, na mara nyingi siioni.

Suala hili lina historia yake. Ujerumani ya kansela Bismarck ilipopitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, umri wa kuanza kulipwa ulikuwa miaka 70, na haukushushwa hadi 65 mpaka mwaka 1916. Kati ya vibarua waliokatwa michango kwa miaka mingi, wapo wengi ambao hawakuuona umri huo. Waliouweka walikuwa watu wa ofisini. Na leo, nchi nyingi zinapopandisha umri wa kustaafu kwa hoja kwamba wastani wa maisha umeongezeka, mtafiti mwadilifu hana budi kuuliza umeongezeka kwa nani, kwa sababu wastani huficha pengo kati ya walioishi kwa kalamu na walioishi kwa nguvu za mikono.

Kuhusu ugonjwa ulioutaja, mdogo wangu, ongeza na kudhoofika kwa akili. Mipango mingi humtaka mzee wa miaka 85 afanye maamuzi ya uwekezaji kila mwaka, katika umri ambao hata aliyekuwa hodari wa hesabu huanza kuchanganya tarakimu. Malipo ya maisha yote, ambayo Mwalimu ameyataja kwa sababu ya urefu wa maisha, yana faida hii ya pili ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza: yakishaanza, hayahitaji uamuzi wowote. Mtu analindwa dhidi ya soko, dhidi ya matapeli, na wakati mwingine dhidi ya jamaa zake. Kama ningekuwa na muda wa uzamivu, ningeandika juu ya hilo.

Mwalimu Mstaafu amejibu tena:

Binti yangu mtakwimu amesema neno ambalo lingefaa kusomwa katika kila semina ya fani yetu, na nalipokea. Maprofesa tunaandika tukiwa ndani ya kazi inayozeeka vizuri, na tusipojiangalia huifanya hali hiyo kuwa ya wanadamu wote.

Hata hivyo sidhani kwamba yeye na mshauri wanapingana kiasi wanachodhani. Jambo analolipenda mtu nje ya kazi, likiwa la kweli, humtoa miongoni mwa wanaofanana naye. Katika idara yako, mwanangu, utaketi na watu wenye shahada kama zako na mshahara kama wako. Katika kwaya, natumaini, unaketi na fundi, na mama wa sokoni, na mtumishi aliyestaafu mapema kwa maradhi. Mimi nilikuwa mpenzi wa kutembea masafa marefu na kikundi cha watu wa kazi mbalimbali, na wakati wa kupumzika walinieleza mambo ambayo dodoso langu halikuwa na nafasi ya kuyauliza: kwamba mmoja huficha kiinua mgongo chake kwa jina la dada yake, kwamba mwingine huogopa kustaafu kwa sababu ndoa yake imesimama juu ya safari za kikazi. Hizo si takwimu, na sikuwahi kuzichapisha. Lakini dodoso la mwaka uliofuata lilikuwa na maswali bora, na majibu yake yalichapishwa.

Nikujibu basi kwa namna utakayoweza kuitumia. Kabla ya kukubali uzamivu, mwulize msimamizi wako mambo mawili. La kwanza ni data: kama utapata kumbukumbu za watu walewale waliofuatiliwa kwa miaka mingi, kabla na baada ya kustaafu, kwa sababu bila hizo utaishia kulinganisha wazee wa leo na vijana wa leo na kudhani umeona uzee wa mtu mmoja. La pili ni kama kumbukumbu hizo zina watu waliotoka kazini bila kupenda, ili swali la dada yako mtakwimu liweze kupimwa badala ya kubaki lawama. Masomo ya kuongeza sasa hivi ni hisabati ya uwezekano, uchumi wa tabia na angalau kozi moja ya sheria ya hifadhi ya jamii. Sheria usiidharau, kwani nimeona tasnifu nzuri zikianguka kwa sababu mtafiti alihesabu mafao ambayo sheria haikuwa inayaruhusu.

Na huyo mwalimu aliyekuambia uache kwaya, mwombe kwa adabu akueleze ni saa ngapi za juma anazodhani utafiti wako utazihitaji, kisha mpangilie ratiba yako kwa maandishi, na mazoezi ya kwaya yakiwemo.